Brashi moja ya 75,000 au seti nzima ya 18,000?

Swali: "Shikamoo dada. Nipo Isevya, Tabora mjini. Nimejifunza kupamba kwa mtu na sasa nimeanza kupata maharusi wangu mwenyewe. Kikoba kimenipa 200,000 ya vifaa. Sokoni kuna seti ya brashi 24 kwa 18,000. Rafiki yangu aliye Dar anasema nisiiguse, ninunue brashi za kampuni kubwa hata ziwe mbili tu, moja 75,000. Kweli brashi za bei zina tofauti au tunalipia jina? Na kwa nini hizi nilizonazo zinamwaga nywele usoni kwa mteja?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa kuanza, na hongera zaidi kwa kuuliza kabla hela ya kikoba haijatoka mkononi.

Tofauti ipo, ila haipandi sambamba na bei. Ukitoka kwenye brashi ya 1,000 ukaenda kwenye ya 20,000, mteja ataiona tofauti akijitazama kwenye kioo. Ukitoka ya 20,000 ukaenda ya 75,000, mteja haoni kitu. Wewe ndiye utakayeusikia wepesi wake mkononi, na huenda ikaishi miaka mingi zaidi. Kwa hiyo rafiki yako hajakudanganya, lakini ushauri wake haumfai mtu mwenye 200,000 na maharusi wa Tabora. Brashi mbili, hata ziwe nzuri kiasi gani, haziwezi kumpamba bibi harusi, mama yake, matroni na mashangazi wawili asubuhi moja.

Ngoja nikueleze hela ya brashi inaingia wapi, maana ukishalijua hilo hutahitaji mtu wa kukuchagulia.

Brashi ina nywele, ina mpini, na ina lile bati linalozishika nywele, ambalo mimi naliita shingo. Mpini usikusumbue. Uwe wa mbao au wa plastiki, uwe na rangi ya dhahabu au ya waridi, haugusi uso wa mtu. Seti nyingi za bei rahisi zimewekeza kwenye mpini na mkoba kwa sababu ndivyo vinavyoonekana kwenye picha. Kazi inafanywa na nywele, hasa ncha zake.

Chukua unywele mmoja wa mbuzi ambao haujawahi kukatwa ncha, uutazame kwenye mwanga. Chini ni mnene, unapanda ukipungua mpaka unaishia kama ncha ya jani la nyasi. Ncha hiyo ndiyo inayoteleza kwenye ngozi bila mtu kuhisi. Mtengenezaji mwenye haraka anafunga nywele, halafu anapitisha mkasi juu ili brashi ipate umbo la duara. Umbo linapatikana, lakini kila unywele umebaki na kichwa butu. Ukigandamiza brashi hiyo kwenye shavu inachoma kama kifagio.

Huko Japani, katika mkoa wa Hiroshima, upo mji mdogo unaoitwa Kumano, unaotengeneza brashi tangu karne ya 19, kwanza za kuandikia kwa wino, baadaye za mekapu. Fundi wa pale anaziingiza nywele kwenye kikombe kidogo cha mbao, ncha zikitazama chini, anagongagonga taratibu mpaka zikae kwa umbo la kile kikombe, ndipo anafunga mashina. Mkasi haugusi ncha hata kidogo. Timu ya taifa ya wanawake ya Japani iliposhinda Kombe la Dunia la soka mwaka 2011, serikali yao iliwapa wachezaji seti za brashi za Kumano. Ukisikia brashi moja inauzwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi, jua unalipia mikono ya namna hiyo, na mara nyingi unalipia pia manyoya adimu kama ya kindi. Bei hiyo haijatoka hewani.

Sasa habari njema kwa mfuko wako. Brashi nyingi za leo si za manyoya. Ni nyuzi za kiwandani, nailoni au polyesta, na viwanda vimejifunza kuzitumbukiza ncha za nyuzi hizo kwenye dawa inayozila kidogo kidogo mpaka zichongoke zenyewe, zikawa karibu sana na unywele wa mnyama. Zamani brashi ya plastiki ilikuwa ya plastiki kweli, inakwaruza na kuacha mistari. Siku hizi brashi ya nyuzi ya bei ya kati inafanya kazi ambayo miaka ya nyuma ungeitafuta kwenye manyoya ya bei kubwa. Hata M·A·C, kampuni iliyoanzia Toronto mwaka 1984 na kupata sifa kwa brashi za manyoya, imehamia kwenye nyuzi.

Na kwa vitu vya majimaji, nyuzi ndizo bora, bei yoyote uliyonayo. Unywele wa mnyama una magamba madogo sana yaliyopangana. Magamba hayo yanaidaka poda vizuri na kuiachia kidogo kidogo, ndiyo maana manyoya ya mbuzi yanapendwa kwa poda na blasha. Lakini ukiyatia kwenye faundesheni ya maji, yanainywa. Unaminya tone la pili, la tatu, na uso haujafunikwa. Nyuzi hazinywi. Mpambaji anayenunua chupa ya faundesheni kwa hela yake anatakiwa alijue hilo mapema.

Kuna jambo moja linalohusu ngozi zetu ambalo matangazo ya brashi hayalisemi. Ngozi nyeusi ikikwaruzwa au ikiota kipele, mara nyingi haimalizi kwa wekundu wa siku mbili ikapoa. Inaacha weusi, na weusi ule unakaa wiki au miezi. Bibi harusi aliyechomwachomwa na brashi butu juu ya chunusi zake anaweza kumaliza fungate akiwa na madoa ambayo hakuja nayo. Kwa sababu hiyo siuhesabu ulaini wa brashi kuwa ni anasa.

Sasa twende sokoni. Usinunue brashi iliyofungwa kwenye nailoni ambayo muuzaji hataki uifungue. Ukiishika, usiijaribu kwa vidole, vidole vyetu vimezoea sufuria na havisemi ukweli. Ipitishe upande wa ndani wa kiwiko au chini ya jicho lako mwenyewe. Kwanza ipitishe kwa ubavu, maana kwa ubavu karibu kila brashi ni laini. Halafu isimamishe wima, gandamiza ncha zote kwenye ngozi na uzungushe. Hapo ndipo brashi mbaya inajisema. Ikikuchoma mara moja, itamchoma bibi harusi mara mia.

Kisha itanue nywele kwa kidole gumba utazame katikati. Brashi nyingi za seti zina nywele pembeni tu, katikati pana shimo, kwa hiyo ukiipaka poda inatua kwenye duara na kuacha pengo. Zikiwa zimeshonana hadi katikati, hiyo ni brashi ya kazi. Shika nywele karibu na shingo, vuta kwa upole mara tatu. Unywele mmoja au wawili si kitu, zikija tano weka chini. Mwisho shika shingo kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, uzungushe kidogo. Ukisikia inacheza au inalia, usitoe hata mia.

Hapo tumefika kwenye swali lako la nywele kumwagika, na nitalijibu kwa kisa changu.

Mwaka wa pili wa kazi yangu nilikwenda kupamba Urambo. Ilikuwa baada ya masoko ya tumbaku, wakati harusi zinafuatana. Ndugu wanaimba nje, gari limeshafika, mimi namalizia poda ya shingoni kwa bibi harusi. Brashi ikakatika. Shingo ya brashi iling'oka na nywele zake zote ikaangukia mapajani kwenye gauni, mimi nikabaki na kijiti. Nywele kama kumi zikanasa kwenye rangi ya mdomo iliyokuwa bado mbichi. Nilizitoa mmojammoja kwa pamba yenye maji huku mama mzazi akinitazama, nikarudia mdomo mzima upya. Gauni tuliliinamisha na kulipuliza, tunashukuru poda ilikuwa kavu.

Nilirudi Tabora nikimlaumu aliyeniuzia. Nilipoitazama vizuri ile brashi niliona gundi imelainika na mbao ya mpini imepasuka mahali ilipoingia kwenye shingo. Kila nilipoosha brashi zangu nilikuwa nazisimamisha kwenye kikombe zikiwa mbichi, nywele juu. Maji yanashuka kwenye shingo, yanalainisha gundi, mbao inavimba. Kesho yake naianika juani, mbao inasinyaa. Vimba, sinyaa, vimba, sinyaa, mpaka siku ya Urambo. Brashi ya bei rahisi ina gundi kidogo na ilikufa mapema, lakini hata ile ya 75,000 ingekufa kwa tabia ile, ingechelewa tu.

Kwa hiyo kabla hujazitupa ulizonazo, niambie unaziosha vipi. Kama unaziloweka kwenye beseni hadi shingoni, au unazisimamisha, umeshapata jibu. Kama unaziosha vizuri na bado zinamwaga baada ya kuoshwa mara tatu au nne, gundi yake ni mbovu na haitarekebishika. Usijaribu kudondoshea gundi ya supa shingoni mwa brashi. Inakakamaa, inazifanya nywele za chini kuwa kama miiba.

Sasa ununue zipi za hela na zipi za kubahatisha? Hela iweke pale brashi inapogusa ngozi kwa eneo kubwa au kwa muda mrefu. Ya faundesheni, ya juu tambarare iliyoshonana, maana ikiwa mbaya mistari yake inaonekana hadi kwenye video ya ukumbini. Ya poda, kubwa na laini, kwa sababu inapita uso mzima. Na ya kuchanganyia rangi za macho, ile yenye kichwa kama mwali mdogo wa mshumaa. Hii ya tatu wengi wanaidharau, na kwangu ndiyo inayotofautisha mpambaji na mtu aliyepaka rangi. Brashi ngumu haichanganyi, inahamisha tu rangi kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na unabaki na mpaka kati ya kahawia na dhahabu kama mpaka wa shamba. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko popote usoni. Hapo usibane hela.

Za nyusi, za lipstiki, za wanja wa maji, ya kubandika rangi inayong'aa katikati ya kope, hizi chukua kwenye seti ya 18,000 bila wasiwasi. Brashi ya nyusi inatakiwa iwe nyembamba na ngumu kidogo, na hivyo ndivyo za bei rahisi zilivyo. Mimi yangu ya nyusi niliinunua 1,500 na sina mpango wa kuibadilisha.

Kuhusu majina makubwa nitasema kwa ufupi. Nembo iliyochapwa kwenye mpini ni kitu chepesi sana kuiga. Brashi yenye jina la M·A·C au Real Techniques ukiikuta imetandazwa kwa bei ya robo, unachonunua ni maandishi. Inaweza kuwa nzuri au mbaya kama zile zisizo na jina, kwa hiyo ipime kwa ngozi yako kama nilivyokueleza, na usilipe hata shilingi moja ya ziada kwa ajili ya nembo.

Jambo jingine, na hapa Tabora litakukuta: wateja wako wengi ni Waislamu, na wapo watakaokuuliza brashi imetengenezwa kwa manyoya gani. Ni swali la haki, kwa sababu kwenye brashi za aina mbalimbali duniani manyoya ya nguruwe hutumika. Ukiwa na seti ya nyuzi tupu unajibu kwa moyo mweupe. Kama hujui ni manyoya ya nini, sema hujui na uiweke kando. Usimwambie mtu "ni ya mbuzi" kwa kukisia.

Sasa usafi, na hapa nakuomba unisikilize kuliko kwenye bei. Brashi ya 75,000 iliyotoka kwenye jicho la mtu mmoja ikaingia kwenye jicho la mwingine ni hatari kuliko brashi ya 1,000 iliyooshwa jana. Mwanzoni mwa 2024 nchi hii ilipata mlipuko wa macho mekundu, na uliona jinsi ulivyoenea kwa kushikana mikono na kuchangia vitu. Ugonjwa kama huo unaweza kuipata njia kwenye brashi ya mpambaji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, walichapisha mwaka 2019 matokeo ya kupima vipodozi vilivyokwisha kutumika, na karibu tisa kati ya kila kumi vilikuwa na bakteria. Vilivyotia fora ni vile visponji vya kupakia faundesheni. Asilimia 93 ya visponji hivyo vilikuwa havijawahi kuoshwa, na zaidi ya nusu vilishawahi kuanguka sakafuni vikaendelea kutumika. Sponji inakaa na unyevu ndani hata ukiona juu pamekauka, kwa hiyo mimi sponji nampa bibi harusi aondoke nayo. Ni yake.

Madaktari wa ngozi wa Marekani wanashauri mtu anayejipaka mwenyewe aoshe brashi kila baada ya siku 7 hadi 10. Sisi tunaopamba watu tunaosha baada ya kila kazi. Kwa hiyo unahitaji idadi kabla ya ubora wa juu kabisa, hasa za macho. Jicho moja jipya, brashi safi. Ukiwa na brashi moja tu nzuri ya macho na una watu watano, utaishawishi nafsi yako kwamba "kuipangusa kwa tishu inatosha", na haitoshi.

Kuosha hakuhitaji dawa ya gharama. Chukua maji ya vuguvugu na shampuu ya mtoto, au sabuni ya mche isiyo kali. Elekeza ncha chini muda wote. Lowesha nywele tu, tone la shampuu kiganjani, zungusha brashi juu ya kiganja taratibu. Utaona povu linatoka rangi ya kahawia ya faundesheni, kisha chai ya maziwa, kisha jeupe. Usiache kabla ya jeupe. Suuza, kamua kwa vidole kuelekea kwenye ncha, irudishie umbo lake, kisha ilaze pembeni mwa meza, kichwa kikiwa kimening'inia nje ili hewa ipite chini pia. Kivulini. Kiangazi cha Tabora kinaikausha kwa usiku mmoja, ila vumbi letu mnalijua, kwa hiyo zitandikie kitambaa chepesi juu. Masika ipe siku mbili na usiifunge kwenye mkoba ikiwa mbichi, itanuka na kuota kuvu.

Siku ya kazi, kati ya mtu na mtu, puliza spiriti ya asilimia 70 kwenye nywele, pangusa kwenye tishu safi mpaka tishu isiingie rangi, acha ikauke kabisa ndipo uisogeze jichoni. Wengi wanafikiri ya asilimia 99 ni kali zaidi hivyo ni bora. Ile inaruka upesi kabla haijafanya kazi. Maji yaliyomo kwenye ile ya 70 ndiyo yanayoisaidia kuingia kwenye kijidudu. Maskara usiipake kwa brashi yake mwenyewe kwa watu wawili. Nunua zile brashi ndogo za kutupa, na usizirudishe kwenye chupa mara ya pili.

Nimekupigia hesabu ya 200,000 yako. Brashi ya poda 25,000. Ya faundesheni 20,000. Za kuchanganyia macho nzuri mbili, 12,000 kila moja. Hapo ni 69,000. Seti ya 18,000 chukua mbili, lakini kwa muuzaji anayekuruhusu kufungua, na ukubali mapema kwamba ndani ya kila seti utatumia kama nusu. Hizo ni 36,000. Ongeza brashi nne za macho za 6,000, ziwe akiba ya siku yenye watu wengi, 24,000. Shampuu, spiriti, chupa ya kupulizia, tishu, brashi za maskara za kutupa, weka 20,000. Jumla 149,000. Zile 51,000 zinazobaki usizirudishe kwenye brashi hata ukishawishika. Nunua faundesheni mbili za rangi ya weusi wa kweli. Wapambaji wengi hapa wana rangi nne za maji ya kunde na hawana hata moja ya mtu mweusi, halafu bibi harusi anatoka na uso wa mtu mwingine juu ya shingo yake. Hakuna brashi ya kurekebisha hilo.

Ile ya 75,000 iwekee mwaka wa pili, na iwe ya poda. Mimi ya kwangu ya poda niliinunua 2014 kwa bei iliyoniuma, ya manyoya ya mbuzi, na juzi Jumamosi nimeitumia. Lakini nilipoinunua nilishajua kuilaza.

Brashi zikifika, zioshe zote usiku huo huo kabla hazijagusa uso wa mtu. Za rangi nyeusi zitatoa maji ya buluu mara ya kwanza, endelea mpaka yatakate. Asubuhi, zikishakauka, chukua kila moja uipige kwenye karatasi nyeupe mara ishirini kama unapaka poda, kisha hesabu nywele zilizobaki kwenye karatasi. Itakayoacha zaidi ya tano, mrudishie muuzaji siku hiyo hiyo, ukiwa na ile karatasi mkononi.